Mnyoo Katika Shavu la Perege

Mnunuzi wa soko la Darajani, hapa Unguja, hahitaji kufundishwa kumkagua samaki. Atamfunua shavu aone wekundu wake, atambonyeza mnofu aone kama unarudi, atamtazama jicho, kisha ndiyo aulize bei. Lakini ukaguzi huo umefunzwa na bahari. Ni ukaguzi wa changu, wa pono, wa kolekole na jodari, na shabaha yake ni kujua kama samaki ni wa leo au amelala. Hauulizi ni kitu gani kinachoishi ndani yake.

Samaki wa maji baridi ndiye anayelileta swali hilo jikoni. Unguja haina ziwa wala mto mkubwa. Ina vijito kama Mwera, Kipange na Zingwezingwe, ina mabwawa yanayojaa masika na kupungua kiangazi, ina mabonde ya mpunga kama Cheju na Kibokwa, na sasa ina watu wanaochimba mabwawa nyuma ya nyumba wafuge perege. Anayempasua perege wake kwa mara ya kwanza na kukuta punje za njano zimejipanga chini ya ngozi hushtuka. Wapo wanaomtupa samaki mzima. Wapo wanaokata kile kipande na kuendelea na mapishi. Wote wawili wameamua bila kujua wanachokiamulia, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu mnyoo wa samaki anajulikana. Ana jina, ana njia yake, na akisomwa vizuri hueleza habari za bwawa zima.

Tumchukue perege mmoja wa bwawani kabla hajaparwa. Ukimpara magamba kwanza umeshapoteza nusu ya ushahidi. Mlaze kwenye kibao mahali penye mwanga, umpitishe kidole mgongoni hadi mkiani. Madoa madogo meusi yaliyotuna, ambayo hayatoki hata ukiyasugua, si uchafu wa tope. Kila doa ni kifuko alimojificha mnyoo mchanga, na ule weusi ni rangi ambayo mwili wa samaki wenyewe umemzungushia mgeni wake. Mtazame jicho: ukungu mweupe ndani ya lenzi, si juu yake, huenda ni minyoo wa jamii ya Diplostomum, wanaomfanya samaki asione vizuri na hivyo awe rahisi kunaswa na ndege.

Halafu fungua kifuniko cha shavu. Hapo, na kwenye mashina ya mapezi, na katika mnofu ulio karibu na mgongo, ndipo vinapokutwa vile vifuko vya njano, kila kimoja kiasi cha punje ya mchele. Toboa kimoja kwa ncha ya sindano ndani ya sahani ya maji yaliyotiwa chumvi kidogo. Mnyoo atatoka amejikunja, atulie, kisha aanze kujinyoosha na kujifupisha. Ni bapa. Mbele, kuzunguka mdomo, ana mkunjo wa ngozi unaofanana na ukosi wa kanzu. Chini kidogo, tumboni, ana kinyonyeo kikubwa cha mviringo anachojishikilia nacho. Ukimwekea mwanga kwa nyuma utaona utumbo wake umegawanyika matawi mawili yanayoteremka pembeni hadi karibu na mkia na kuishia hapo, bila tundu la kutokea. Huyu ni Clinostomum. Huna haja ya maabara kumjua kwa jina hilo la ukoo. Kumjua kwa jina lake kamili ndiko kunakohitaji kazi.

Nitaeleza kwa nini. Ndani ya perege, Clinostomum ni mtoto. Hajakomaa, na viungo vya uzazi ambavyo wataalamu huvitazama ili kutofautisha spishi moja na nyingine havijakamilika. Anakomaa ndani ya koo na mdomo wa korongo au ndege mwingine mla samaki. Akitaga, mayai huanguka majini, kinachoanguliwa humwingia konokono, na kutoka kwa konokono hutoka viumbe wadogo wenye mkia wanaomtoboa samaki ngozi na kujifungia humo kusubiri korongo mwingine. Kwa hiyo anayemkuta mnyoo mchanga kwa samaki ana ushahidi nusu. Nusu nyingine iko kwenye koo la ndege.

Kenya ina mfano mzuri. Mwaka 1964 mtaalamu wa Israel, Ilan Paperna, ambaye kazi yake kuhusu vimelea wa samaki wa Afrika bado ni msingi wa fani hii, alimpa mnyoo mmoja mchanga jina la Clinostomum cutaneum, kwa sababu alikaa ngozini mwa samaki. Mnyoo mkomavu wa spishi hiyo hakuwahi kuelezwa. Ilipofika 2010 ndipo timu ya watafiti wa Italia na Kenya ilipomweleza, baada ya kumpata kwa korongo wa kijivu nchini Kenya na kumlinganisha na mchanga aliyetoka kwa sato wa huko. Miaka 46 ilipita kati ya mtoto kupewa jina na mzazi kujulikana. Leo kipande kidogo cha vinasaba kinaweza kuwaunganisha mtoto na mzazi kwa siku chache, ila kwa sharti kwamba mnyoo alihifadhiwa inavyotakiwa, na hapo ndipo sampuli nyingi zinapoharibikia.

Kabla hatujaondoka kwenye kibao, jambo moja linalowachanganya wengi. Si kila mnyoo wa samaki ni bapa. Ukifungua kifuko cha moyo cha perege ukakuta mnyoo mrefu aliyejiviringa, amechongoka ncha zote mbili, mgumu, asiyebadilika umbo ukimweka juu ya kidole kilicholowa, huyo ni mnyoo wa mviringo, mara nyingi Contracaecum. Ziwa Naivasha wanamjua vizuri. Mnyoo bapa, akiwa hai, hakai na umbo moja. Hunenepa, hurefuka, hujikunja. Mwenendo huo peke yake unatosha kumwondolea mtu nusu ya wasiwasi wa utambuzi.

Sasa shavu lenyewe. Hapa jicho tupu halifiki. Kata tao moja la shavu kwa mkasi, liweke kwenye tone la maji juu ya kioo, lifunike, lipeleke chini ya hadubini. Kati ya nyuzi nyekundu utaona vitu visivyofika milimita moja vikijipinda, upande mmoja umeshika na mwingine unatafuta. Kwa perege na sato, mara nyingi ni wa jenasi ya Cichlidogyrus, jina alilolitoa Paperna huyo huyo mwaka 1960. Mkiani ana kulabu nne kubwa na kumi na nne ndogo. Spishi hutambuliwa kwa kuzipima kulabu hizo na vipande vigumu vya kiungo cha uzazi cha dume, kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya milimita. Ni kazi ya subira, mtu mmoja na hadubini mchana kutwa, na ninawaheshimu wanaoifanya.

Tofauti kati ya mnyoo wa shavu na mnyoo wa punje ya njano ni kubwa kuliko ukubwa wa miili yao. Yule wa njano anahitaji wenyeji watatu: konokono, samaki, ndege. Mmoja akikosekana, ukoo umekatika. Mnyoo wa shavu hamhitaji yeyote zaidi ya samaki. Yai lake huanguliwa majini na kinachotoka humtafuta samaki mwingine moja kwa moja. Ndiyo maana perege wanapobanana kwenye bwawa dogo wanaweza kufa kwa wingi bila mfugaji kuona doa lolote. Na ndiyo maana mnyoo wa shavu ni msafiri hodari.

Unguja ina sehemu yake katika safari hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Cyril Hickling, Mwingereza aliyekuwa akiongoza utafiti wa ufugaji wa samaki Malacca, katika Malaysia ya leo, aliletewa perege kutoka Zanzibar. Alipowapandisha madume wa Zanzibar na majike wa perege wa Msumbiji, watoto wote walizaliwa madume. Kwa mfugaji hiyo ni neema, kwa sababu bwawa la madume watupu halijazi vidagaa. Kila samaki hukua. Hickling alichapisha matokeo yake mwaka 1960, na baadaye Ethelwyn Trewavas wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alimtambua perege huyo kuwa spishi ya peke yake, hornorum, ya ukoo mmoja na perege wa Mto Wami upande wa bara. Kizazi chake kimepandishwa na kusambazwa mabara mbalimbali. Sijui wengi wa vijana wetu wanaosomea uvuvi kama wameambiwa kwamba samaki wa vijito vya kisiwa hiki aliwahi kubadili ufugaji wa dunia.

Perege wa Afrika walipopelekwa Asia na Amerika, Cichlidogyrus walikwenda nao mashavuni, na leo wanakutwa Mexico na kusini-mashariki mwa Asia mahali ambapo hawakuwepo. Minyoo wanaohitaji konokono maalumu mara nyingi walibaki nyumbani. Hesabu hiyo inafanya kazi na kwa upande wa kuingia. Ndoo ya vifaranga ikishuka bandarini Malindi kutoka bara, maji yake yakiwa safi na samaki wakiwa wachangamfu, mashavu yao yanaweza kuwa yamebeba mnyoo ambaye vijito vya Unguja havijawahi kumwona. Kumkagua kifaranga mmoja katika kila ndoo, shavu moja chini ya hadubini, ni kazi ya robo saa. Naona hakuna hoja ya gharama inayoweza kuizuia.

Minyoo hao wa shavu hawafiki milimita moja, lakini ukubwa wa mnyoo bapa hauna kipimo kimoja. Ziwa Victoria kuna tegu aitwaye Ligula intestinalis, na makao yake ni tumbo la dagaa. Si ndani ya utumbo. Ni katika nafasi inayouzunguka. Ni utepe mweupe usio na pingili zinazoonekana kwa nje, na unaweza kurefuka kuupita mwili wa dagaa mwenyewe. Tumbo huvimba, mayai hayakui, samaki hubaki hai lakini hazai. Mwaka 2003 watafiti Brian Marshall na Ian Cowx waliuliza kwa uzito kama mlipuko wa mnyoo huyu ungeweza kuuangusha uvuvi mzima wa dagaa. Mwenyeji wake wa mwisho naye ni ndege. Dagaa tunaowaona wakianikwa Kama na Mangapwani ni wa bahari, wa ukoo mwingine kabisa, na habari ya Ligula haiwahusu.

Kule Kigoma, dagaa wa Ziwa Tanganyika na mwenzake aitwaye lumbu wana mnyoo wao wa shavu, ambaye mwaka 2018 aliwekewa jenasi mpya, Kapentagyrus, kutokana na kapenta, jina la dagaa hao upande wa Zambia. Spishi moja humkaa lumbu tu. Nyingine huwakaa wote wawili. Watafiti hutumia minyoo hao kuuliza kama samaki wa kaskazini na wa kusini mwa ziwa huchanganyika, jambo ambalo samaki wenyewe hawalionyeshi kwa sura.

Je, binadamu atadhurika? Hili ndilo swali la mpishi, na lina haki ya kujibiwa wazi. Cichlidogyrus hawezi kuishi ndani ya mtu. Ligula si mnyoo wa binadamu. Clinostomum amewahi kuwapata watu, Japani na Korea zaidi, waliokula samaki wa maji baridi mbichi. Akang'ang'ania koo na kulivimbisha. Samaki aliyeiva hana habari hiyo. Perege wa kukaanga, wa tui au wa kupaka, moto ukishaingia hadi mfupani, mnyoo ni nyama iliyokufa. Anayechukia kumwona amwondoe kwa kisu, samaki alike.

Hatari iko kwa minyoo ambao mpishi hawaoni kamwe. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, kuzunguka Khon Kaen, watu hula samaki mbichi wa maji baridi aliyekatwakatwa na kukolezwa ndimu na pilipili. Ndani yake hujificha vifuko vya Opisthorchis viverrini, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na mnyoo huyo hukaa katika mirija ya nyongo miaka na miaka hadi kuleta saratani. Delta ya Nile ina Heterophyes, mnyoo mdogo wa utumbo anayetokana na mkizi wa maji ya mchanganyiko akiliwa bila kuiva. Ndimu haiui vifuko hivi. Chumvi kidogo haiui. Kwa samaki wa kuliwa mbichi, Umoja wa Ulaya unataka agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 angalau. Marekani wanataka siku 7 kwa ubaridi huo huo. Friji nyingi za nyumbani hazifiki huko. Mahoteli yetu yanayoandaa samaki mbichi kwa wageni yanapaswa kuwa na kipimajoto ndani ya friza na daftari la kuandikia.

Heterophyes aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, alipokuwa akichunguza maiti. Mwaka huo huo, kazini hapo hapo, Bilharz alimgundua mnyoo bapa mwingine ndani ya mishipa ya damu. Huyo ndiye anayetuletea kichocho. Na mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimweka mnyoo wa kichocho cha mkojo na yule wa Thailand katika kundi moja, la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo Unguja si mgeni wa minyoo bapa. Tumeishi na kichocho vizazi, na tumejifunza kumtambua mnyoo wake kwa ustadi ambao nchi nyingi zingeutamani. Mililita 10 za mkojo wa mtoto wa skuli hupitishwa kwenye chujio, chujio huwekwa chini ya hadubini, na yai lenye mwiba mwishoni huhesabiwa. Kati ya 2012 na 2017 mradi wa kutokomeza kichocho ulifanya hivyo katika shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba, ukilinganisha dawa peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, na dawa pamoja na kubadili mazoea, ikiwemo kuwajengea watu mahali pa kufulia nje ya mto. Maambukizi yalishuka sana. Hayakukatika. Skuli za Unguja zilipata hata kijitabu cha picha, Juma na Kichocho.

Kilichonivutia zaidi katika kazi hiyo ni konokono. Unguja ina Bulinus globosus, hasa kati na kaskazini, na ina Bulinus nasutus upande wa kusini. Kwa kombe wanafanana mno. Lakini wa kwanza hupokea mnyoo wa kichocho na wa pili, hapa kisiwani, hampokei. Ndiyo sababu kusini ya Unguja imesalimika. Tofauti hiyo ilithibitishwa kwa vinasaba. Halafu Pemba ikatoa somo jingine: konokono wa huko walikutwa wakitoa viumbe wenye mkia wa panda, sura ile ile ya kichocho cha binadamu, kumbe baadhi yao walikuwa Schistosoma bovis, mnyoo wa ng'ombe. Aliyehesabu kwa macho tu angesema maambukizi ya watu yapo mahali ambapo ni ya mifugo.

Ustadi wote huo unaweza kuhamia kwenye bwawa la perege, tena ni lazima uhamie. Bwawa lililoachwa liote magugu kingoni ni makazi ya konokono. Konokono hao wanaweza kumpa perege punje za njano, na wanaweza kumpa kichocho kijana anayeingia hadi kiunoni kuvuta wavu. Ni maji yale yale. Wakati mwingine samaki mwenyewe husaidia: Ziwa Malawi, karibu na Cape Maclear, watafiti wakiongozwa na Jay Stauffer walieleza mwaka 1997 jinsi kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki mla konokono kulivyofuatana na kuongezeka kwa kichocho. Lakini samaki si dawa ya kutegemea. Astatoreochromis alluaudi, samaki wa Ziwa Victoria aliyejaribiwa Kenya kwa kazi hiyo, akilelewa kwa chakula laini mifupa yake ya koo hukosa nguvu ya kuvunja makombe. Kusafisha kingo za bwawa hakuna mbadala.

Ningependa kila anayepewa kibali cha kufuga samaki Unguja atembelewe na watu wawili kwa pamoja, wa uvuvi na wa afya, mmoja akiwa na wavu wa konokono na mwingine na mkasi wa mashavu. Leo kila mmoja anatazama maji hayo hayo kwa jicho lake.

Na mfugaji au mpara samaki aliyemkuta mnyoo asimtupe. Amweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti kali, si fomalini, kwa sababu fomalini huhifadhi umbo lakini huharibu vinasaba vinavyohitajika kumpa jina. Kama inawezekana aweke minyoo wawili au watatu, na kipande cha shavu au mnofu walipotoka. Kisha aandike kikaratasi: samaki gani, bwawa au kijito gani, shehia gani, sehemu gani ya mwili, tarehe. Kikaratasi kitiwe ndani ya chupa, na maandishi yawe ya penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti na chupa ikifika kwa afisa uvuvi haitakuwa na la kusema.